Mrejesho: ile ndege ndogo iliyokuwa haitaki kutua Malindi

Haya wadau, mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza mbona ndege yangu ya laiti sport (aina ya ndege ndogo nyepesi) kwenye simyuleta ya nyumbani, yaani programu ya kompyuta ya kuigiza urubani, inaelea tu juu ya ranwei ya Malindi haitaki kushuka. Walosema nipunguze spidi wamesema kweli kabisa, maana ndege hizi kwa sheria ya Marekani ya 2004 zile za kutua nchi kavu uzito mwisho ulikuwa kilo 600, na bila flapsi (vibao vya nyuma ya mbawa vya kusaidia kuruka polepole) zilitakiwa ziendelee kubebwa na hewa mpaka spidi ishuke hadi noti 45 (maili za baharini kwa saa), sasa ukija na 70 si itaelea mpaka lami iishe! Naja na 55 hivi, inakaa.

Flapsi nimezizoea haraka. Kazi ni upepo. Nimewasha kusi lenyewe, na ndege ni nyepesi, inasukumwa pembeni kama ngalawa bila tanga, hapo ndo nimeona faida ya pedo za miguu, kwa kibodi huwezi kuinyoosha pua taratibu dakika ya mwisho. Nunueni pedo kwanza jamani, skrini kubwa baadae.

Sasa nataka kuruka hadi Manda, Lamu. Mafuta nijaze nusu au tele?