Oktoberfest Munich: tuanze na mahema ya kiwanda gani?

Mkaazi_SouthB
Wadau, habari za jioni. Baada ya miaka ya kuangalia picha za watu, safari hii tunaenda wenyewe Oktoberfest, ile sherehe kubwa ya bia kule Munich, Ujerumani. Tiketi za ndege tumeshalipa, viza ya Schengen tunaisubiri (yuro 90 kila mtu, na hazirudi hata ukinyimwa). Kilichobaki ni kuchagua viwanda vya bia. Najua viko sita tu vinavyoruhusiwa kuuza bia pale uwanjani: Augustiner, Hofbräu, Paulaner, Hacker-Pschorr, Löwenbräu na Spaten. Lakini mahema ni mengi kuliko viwanda, na kila ninayemuuliza ananitajia jina lake. Mliowahi kufika, nianzie wapi, niruke wapi? Nataka bia nzuri na sitaki kushinda kwenye foleni.

Fundi_Mapipa
Karibu, lakini hapo hujatupa chochote cha kushika. Mko wangapi? Siku gani za wiki? Mna meza mliyohifadhi au mnajiendea tu? Bia nzuri kwako ni ipi, chungu au laini? Bila hayo tutakuwa tunakupigia ramli.

Bingwa_Ruaka
Hofbräu. Mimi siongezi neno. Ndilo hema lenye nafasi kubwa ya kusimama karibu na bendi, na ukisimama pale unauziwa bia. Kwingine kote kama huna mahali pa kukaa hupewi kitu, hata ukiwa na noti mkononi. Nilikutana na watu wa Australia, Brazil, Marekani, kila mtu anaimba. Kama unatoka Nairobi na unataka kuchangamka, hapo ndipo nyumbani.

Mwalimu_Mstaafu
Bingwa, kuchangamka ameshataja? Kasema bia nzuri. Nenda Augustiner-Festhalle, kijana wangu, na usiharakishwe. Ndicho kiwanda kikongwe kuliko vyote Munich, wanahesabu tangu 1328, na pale uwanjani bado wanamimina kutoka mapipa ya mbao ya lita 200. Wengine wameshahamia matangi ya chuma. Wenyeji wenyewe hukaa pale na watoto na wazee wao. Nilikaa meza moja na familia ya vizazi vitatu, wakanifundisha kushika ile glasi: unapitisha vidole vyote ndani ya mpini wake, huibani kama kikombe cha chai, maana lita moja ya bia na kioo chake ni mzigo.

Bingwa_Ruaka
Mwalimu, shikamoo, lakini bia zote sita ni lager moja. Mfunike mtu macho uone kama atazitofautisha.

Fundi_Mapipa
Si kweli, na hili linaniuma kwa sababu ndiyo kazi yangu, napika bia hapa Nairobi kwenye kiwanda kidogo. Ni kweli zote ni za aina moja: rangi ya dhahabu, kileo kama asilimia 6, na lazima zitengenezwe ndani ya jiji la Munich. Ukitoka kwenye bia yetu ya kawaida ya asilimia 4 na kidogo, na ukikumbuka glasi ni lita nzima, hiyo ni zaidi ya chupa mbili za nusu lita. Lakini tofauti zipo. Bia ya kwenye pipa la mbao haina gesi nyingi, inashuka laini, na utamu wa kimea unaonekana mapema. Hacker-Pschorr naipata nzito kidogo, ina ladha ya ganda la mkate. Spaten ni kavu zaidi. Paulaner inateleza, na hapo ndipo hatari ilipo kwa sababu huioni ikikulewesha.

Na kuna jambo lingine ambalo watu hawalitazami. Viwanda ni sita lakini wenyewe si sita. Spaten na Löwenbräu wako chini ya AB InBev, kampuni kubwa ya bia ya kimataifa. Paulaner na Hacker-Pschorr wako kundi moja. Hofbräu ni mali ya serikali ya jimbo la Bavaria. Augustiner ndiyo imebaki ikijitegemea. Ukitaka kuonja tofauti ya kweli, chagua kwa mwenye mali, si kwa jina la hema.

Mkaazi_SouthB
Asanteni, mmenifungua macho. Maelezo ndiyo haya: tuko wanne, mimi na mke wangu, dada yake anayeishi Augsburg, mji ulio karibu na Munich, na mumewe. Huyo shemeji wa kiume hanywi pombe kabisa. Meza hatuna. Siku ni mbili, Jumamosi ya katikati na Jumatatu inayofuata. Bia ninayopenda ni laini, chungu sana siiwezi.

Dada_Tassia
Jumamosi ya katikati!!! Hiyo wanaiita wikendi ya Waitaliano. Wanashuka kwa mabasi na magari ya kulala ndani kutoka ng'ambo ya milima, jiji lote linafurika. Kwa mwaka mmoja sherehe hii imewahi kupokea watu milioni 7.2, na hiyo Jumamosi nahisi nusu yao wako mlangoni pako. Kama unaweza kuibadilisha iwe Jumanne, ibadilishe. Jumanne ni siku ya familia, michezo ya uwanjani hupunguzwa bei, na mchana unapata kiti bila kusukumana.

Mkaazi_SouthB
Haibadiliki dada, shemeji ana kazi. Sasa, nimeona kwenye intaneti kuna watu wanauza meza za Jumamosi jioni. Bei ni kali lakini tukigawana watu wanne tunaweza. Mnaonaje?

Dada_Tassia
Usinunue. Naomba unisome mpaka mwisho.

Mimi na wenzangu tulinunua meza hivyo hivyo. Tovuti ilikuwa safi, ina picha za hema, ina namba ya simu ya kupiga. Tukalipa mapema, tukatumiwa karatasi yenye namba ya meza na saa ya kuingia. Tulifika nusu saa kabla, tumevaa vizuri, mvua inanyesha ile ya Septemba yao, nyembamba na baridi mpaka kwenye mfupa. Mlinzi wa mlango wa pembeni akaisoma ile karatasi, akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mama mmoja mwenye daftari. Yule mama alikuwa mpole sana, na upole wake ndio uliotuvunja moyo. Akatueleza kwamba meza huhifadhiwa na hema lenyewe, moja kwa moja, kwa jina la mtu, na huwa ya watu wanane au kumi, si ya watu wanne. Ukihifadhi hulipii kiti. Unanunua kuponi za bia na chakula, kwa kawaida bia mbili na nusu kuku kwa kila mtu, na hema ndilo linakupa. Sisi hatukuwa na kuponi hata moja. Namba ya meza ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa ya kampuni fulani na wenyewe walikuwa wameshakaa.

Tukapiga ile simu. Iliita mara moja ikazimwa. Mwenzetu mmoja alianza kulia pale pale, kwa sababu ile ilikuwa zawadi ya siku yake ya kuzaliwa na alikuwa ameisubiri mwaka mzima. Tulisimama kwenye mvua tukila mkate wa chumvi. Hela haikurudi mpaka leo. Benki ilisema tuliilipa kwa hiari yetu.

Kwa hiyo nakuomba kama dadako. Wenye mahema wenyewe wamekataza kuuziana meza. Nenda bila meza, nenda mapema. Nafasi zisizohifadhiwa zipo kila siku, na bustani za nje za mahema watu hukaa tu.

Mwalimu_Mstaafu
Pole sana binti yangu. Hilo ni jambo baya kumfanyia mgeni.

Nyama_na_Kachumbari
Pole dada. Tuje kwenye chakula, maana mnazungumza kama watu watakunywa bila kula. Ochsenbraterei wanachoma ng'ombe mzima kwenye mti unaozunguka, na bia yao ni Spaten. Fischer-Vroni wana samaki wa kuchomwa kwenye kijiti, mrefu, wa moto, chumvi yake sawasawa. Na Fischer-Vroni wanamimina Augustiner! Kwa hiyo Mwalimu anapata bia yake, wewe unapata samaki, na ni hema dogo kuliko lile kubwa la Augustiner. Mtu wa Nairobi aliyezoea samaki wa kuchoma atalielewa hema hilo mara moja.

Mkaazi_SouthB
Hiyo nimeipenda. Bei je? Na shemeji atakunywa nini?

Bingwa_Ruaka
Mwaka 2025 lita moja ilikuwa kati ya yuro 14.50 na 15.80. Piga hesabu: zaidi ya shilingi elfu mbili kwa glasi. Bakshishi ya mhudumu juu, na usiibane, kwa sababu yule anabeba glasi kumi kwa mkupuo mmoja na ukimpa vizuri ile ya kwanza atakukumbuka. Beba yuro za karatasi, usitegemee kadi.

Shemeji apewe bia isiyo na kileo, mahema wanayo, na inakuja kwenye glasi ile ile kwa hiyo hatajiona yuko pembeni.

Fundi_Mapipa
Na uangalie mstari wa lita kwenye glasi. Povu likitulia bia ikawa chini sana ya mstari, omba iongezwe. Munich kuna chama kizima cha raia kinachopigania bia ijazwe kwa haki, hawaoni aibu kulidai. Sisi hapa tunapimiwa pungufu na tunanyamaza, sijui kwa nini.

Kijana_wa_Thika_Rd
Mimi naona mnampeleka mtu mbali. Hela hiyo angezunguka viwanda vidogo vya hapa Nairobi mwezi mzima. Bia ya nyumbani tunaidharau. Kenya Breweries ipo tangu 1922, zaidi ya miaka mia, na mmoja wa ndugu walioianzisha aliuawa na ndovu, ndiyo asili ya Tusker. Nani kati yenu amewaeleza watoto wake habari hiyo?

Mwalimu_Mstaafu
Mimi nimewaeleza. Na niliwaeleza pia vita vya Castle, bia ya Afrika Kusini. Waafrika Kusini walijenga kiwanda Thika mwaka 1998, bei zikashindana, watu wakafurahi. Kufika 2002 wakakubaliana: Castle ikafunga Thika, na EABL, kampuni mama ya Kenya Breweries, nayo ikafunga kiwanda chake cha Kibo kule Moshi, Tanzania. Kila mmoja akabaki na soko lake. Walioumia ni wafanyakazi wa Thika na Moshi.

Kijana_wa_Thika_Rd
Ndiyo maana nasema viwanda vidogo vishikwe mkono. Ushuru unawamaliza kabla hawajasimama.

Fundi_Mapipa
Hapo umesema kweli. Kimea kizuri na hopsi, yale maua ya kutia bia uchungu, tunaagiza nje, chupa ghali, na hadi mwishoni mwa 2024 ushuru wa bidhaa ulihesabiwa kwa lita, mdogo akilipa kwa kipimo kile kile cha mkubwa. Lakini bia ya Senator ilionyesha kuwa serikali ikitaka inaweza, ilipunguziwa ushuru tangu 2004 na sasa wakulima wa mtama wanaitegemea.

Nyama_na_Kachumbari
Jamani, mahema.

Dada_Tassia
Ndiyo, turudi. Mkaazi, Jumamosi mahema hufunguliwa saa tatu asubuhi, si saa nne kama siku za kazi. Tokeni Augsburg na treni ya mapema, kisha tembeeni kutoka stesheni kuu kwa miguu, kama dakika 15 hivi. Msibebe begi kubwa, mwisho ni ujazo wa lita 3, mtarudishwa. Jumamosi kaeni hema moja tu mpaka mchoke, kwa sababu mkitoka hamrudi ndani. Kuhamahama mfanye Jumatatu.

Bingwa_Ruaka
Na hema hilo moja la Jumamosi liwe Hofbräu, kwa sababu hata viti vikiisha mtasimama.

Mwalimu_Mstaafu
Mke wake asimame kwa muda wa saa saba na glasi ya lita? Bingwa, umeoa wewe? Augustiner, nje bustanini, saa tatu kamili.

Bingwa_Ruaka
Nimeoa, Mwalimu, na alisimama, na alicheza kuliko mimi.

Mkaazi_SouthB
Mke wangu anasoma hapa nyuma yangu na anasema anataka kuona yule simba wa Löwenbräu anayenguruma juu ya mlango. Hakuna aliyeitaja Löwenbräu hata mmoja. Bia yake ina shida?

Fundi_Mapipa
Haina shida, ni tamu tu kuliko zote kwa ulimi wangu. Simba mnamwona kutoka nje bila kuingia, ananguruma jina la kiwanda. Lakini kama mama anataka kuingia, Jumatatu mchana panaingilika.

Kijana_wa_Thika_Rd
Miaka mingi huwa kuna sehemu ya kale pale uwanjani, Oide Wiesn, ina kiingilio kidogo, bia inakuja kwenye vikombe vya udongo, muziki wa taratibu. Binamu yangu alisema ndiko alikopumua. Kumbe mnanisukuma nami nitafute viza.

Mkaazi_SouthB
Kwa hiyo Jumatatu ni Fischer-Vroni mchana, simba, halafu Hacker kama miguu ipo. Jumamosi bado Augustiner na Hofbräu wanagombana humu ndani kwangu. Mke yuko na Bingwa, shemeji yuko na Mwalimu.

Bingwa_Ruaka
Mke ameshinda, kesi imekwisha.

Dada_Tassia
Yeyote atakayeshinda, usiku msipande zile skuta za umeme za kukodi. Polisi wanapima kileo hata kwa mwenye skuta na leseni inaguswa. Kuna mjadala mwingine humu kuhusu sweta na viatu vya Septemba huko, nitakutumia.

Nyama_na_Kachumbari
Mkaazi, ukifika kwenye yule samaki niulizie wanatumia kuni gani.