Mrejesho: nimeamua kusoma shahada ya elimu maalumu

Ndugu walimu, niliwauliza iwapo mimi, mwalimu wa stashahada niliyeajiriwa serikalini hapa Masasi, nisome shahada ya elimu maalumu, yaani ya kufundisha wanafunzi wenye mahitaji maalumu, Dodoma au ya ualimu wa kawaida karibu na nyumbani, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris, Mtwara. Nimechagua Dodoma, nami nawashukuru kwa dhati.

Kwa mshahara pekee, elimu maalumu isingenishawishi, kwa kuwa shahada yoyote kati ya hizo hunivusha kutoka daraja la mshahara wa walimu la TGTS C hadi TGTS D. Kilichonisumbua zaidi ni gharama zisizoandikwa kwenye fomu ya ada: pango la chumba, nauli ya mwendo mrefu na matumizi ya familia itakayobaki huku, ambayo mume wangu amekubali kuyabeba kwa fedha za mnada wa korosho.

Hata hivyo, darasani kwangu yuko mtoto kiziwi anayenakili ubao mzima kwa mwandiko mzuri bila kuelewa, nami sijui lugha ya alama. Jambo hilo lilinielemea kuliko hesabu zote.

Kaka wa Newala aliyenishauri nisome stashahada ya elimu maalumu katika Chuo cha Ualimu Patandi, ushauri wako ulikuwa mzuri, ila stashahada tayari ninayo. Ruhusa ya masomo imetoka.