Fundi ya nguo ameniharibia kabuti yangu ya sufu na bado anataka nimumalizie pesa!!

Batu ba Lubumbashi, tangu jana niko na hasira na sitaifunga rohoni. Unamupelekea mutu kabuti nzima, haina tundu, haina doa, kazi yenyewe ni kuipunguza mbavuni na kufupisha mikono, anakurudishia kitu hakifungi hata kifungo, kisha anakuangalia usoni anasema "papa, ile nguo ilikuwa na shida toka mwanzo". Shida gani?? Mimi njo niliichagua ile kabuti, niliigeuza ndani na nje pale soko ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, mpaka muuzaji akachoka na mimi.

Na asije mutu hapa kuniambia eti si ni mitumba tu. Pesa niliyolipa si mitumba. Na baridi ya hapa munaijua, tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari, mwezi ya sita na ya saba asubuhi inashuka chini ya digri 10, na mimi basi ya kazi inanichukua kwenye barabara jua haijatoka. Kabuti kwangu ni nguo ya kazi.

Niliichagua juu ya mabega. Bega njo pahali pagumu kuliko pote, kulirekebisha lazima ufungue mukono wote, utoe pamba ya ndani, ukate upya, fundi wengi hapa hawaliwezi. Ile yangu mabega yalinikaa sawasawa. Ilibaki mbavu kuwa pana na mikono kufika kwenye vidole, basi.

Nilienda kwake nimevaa pulova, makusudi, nikamwambia papa nipime hivi hivi juu kabuti inavaliwa juu ya nguo ingine, piga bandi kwanza, ule mushono wa muda, nijaribu, halafu njo ushone. Akaitika ndiyo papa, hakuna shida. Akapima huku anaongea na simu, namba akaziandika kwenye kipande ya katoni. Kujaribu hakukuwako. Kila nikipita ni kuya kesho, umeme haiko, na mashini yake ni ya kukanyaga na mguu! Umeme ya nini?

Jana nikaichukua, nikafika nyumbani nikafungua bitana kidogo pale mbavuni nione alifanya nini. Pembeni ya mushono hakuna kitu. Hata nusu sentimeta haifiki. Sufu yote ya ziada aliikata akaitupa!! Hapo njo roho inaniuma zaidi, kuliko pesa. Fundi anayejua kazi akipunguza nguo anapitisha mushono mupya, ile ziada anaiacha ndani, anaipiga pasi ilale vizuri, ili kama alikosea kipimo ama mutu akinenepa, inafunguliwa inarudishwa. Yeye alimaliza njia yote ya kurudi na mukasi, na mimi sijajaribu hata mara moja.

Tena alikaza mbavu mpaka chini ya kwapa bila kugusa mukono, sasa tundu ya kwapa imekuwa ndogo na mukono ni ule ule, ile ziada akaikunjakunja akaisukumia chini. Nikiinua mukono kushika chuma ya basi, kabuti yote inapanda na mukono. Na pulova ndani haifungi, bila pulova inafunga lakini kifungo ya katikati inavuta mpaka nguo inajikunja pande zote mbili. Mikono sasa: alikata sufu na bitana kipimo kimoja, wakati bitana lazima iachwe na ulegevu kidogo juu yenyewe haivutiki, basi inavuta ncha ya mukono inajikunja kuingia ndani, na vifungo vya pale hakuvihamisha, cha mwisho kiko ukingoni kabisa. Kifuani alipitisha pasi ya makaa moja kwa moja, bila kitambaa cha maji, sufu inang'aa kama chini ya sufuria.

Nilipomuuliza akasema nimenenepa. Nimenenepa lini?! Nikaendelea kuuliza, kumbe aliyekata ni kijana anayejifunza pale kwake. Kijana sina neno naye, lazima ajifunze, lakini ajifunzie kwenye vitambaa vya kutupa, na bwana fundi akae pembeni yake. Mimi nilikubaliana na mukubwa, bei ya mukubwa, dola 15, nikatanguliza 10. Sasa anadai zile 5 zilizobaki. SITOI.

Nimemwambia wazi, arudishe zile 10 na bei ya kabuti, ama atafute sufu ya rangi ile ile aunge kipande kila upande toka kwapa mpaka chini, afungue bitana ya mikono, na kazi aifanye yeye mwenyewe mbele yangu. Amesema atafikiri. Afikiri nini?

Kama kuna mutu anajua fundi hapa Kamalondo, Katuba ama Kampemba anayeweza kuunga kipande mbavuni na kupanua kwapa bila kuharibu bega, aniandikie hapa chini. Na bale wengine aliowafanyia vile vile, najua muko, semeni, tuende kwake pamoja juu peke yangu ananiona wa kufukuza.