Maji yanayowaka usiku: hivi vidudu ni mmea au mnyama?

kijana_wa_Mkoani
Assalaam alaykum wakuu. Juzi usiku nilikuwa na ammi yangu tunarudi kuvua, mwezi hakuna, kila kasia likipiga maji yanawaka buluu kama cheche. Nikaja kusoma ati ni planktoni, vidudu vinavyoelea majini, na kwamba wengine wanajipikia kwa jua kama majani na hapohapo wanakula wenzao. Sasa hichi kitu ni mmea au mnyama? Na kwanini vya kaskazi na vya kusi havifanani?

samaki_mkavu
Bibi yangu alikuwa akisema mashetani wanakoga. Mie hata leo sitii mguu 😂

mwanachuo_bahari
Wa alaykum salaam. Kinachowaka mara nyingi ni Noctiluca, seli moja tu lakini inaweza kufika milimita moja, chota kwenye gilasi utaiona kwa macho. Wako wa aina mbili. Yule mwekundu hajipikii kitu, mlaji tu. Unaemuuliza wewe ni ndugu yake wa kijani, huyo kafuga mwani mdogo ndani ya mwili wake, unaogelea humohumo na kumpikia, na bado anakula wengine. Jamaa zetu walioko Oman wanamjua, ikifika Februari, Machi bahari inageuka kijani utadhani kisamvu.

Halafu kuna wezi, na hawa ndo wananifurahisha. Mesodinium, nae seli moja, anakula mwani lakini kloroplasti zake, yaani vile vijiko vya kupikia kwa jua, anaziweka, anazitumia wiki kadhaa. Anakuja Dinophysis, seli moja nyengine, anamfyonza Mesodinium anamuibia zilezile, yaani mwizi kaibiwa. Wengine wana kloroplasti zao za kuzaliwa nazo na bado wanameza bakteria, jua si wanalo tele, wanachotafuta ni naitrojeni na fosforasi, mbolea yao.

Mmea au mnyama? Yakhe, babu yangu Wete alikuwa na mikarafuu, msimu ukiisha anashuka pwani na mshipi wake. Utamwita mkulima au mvuvi?

Misimu sasa. Kusi upepo mkali, maji yanapoa mpaka digrii 25 hivi na yanachanganyika. Kaskazi maji yanafika 29, 30, shwari, mbolea ya juu inakwisha, hapo mwenye njia mbili za kula ndo mwenye nafasi. Lile vumbi kama la mbao linaloelea kaskazi ni Trichodesmium, bakteria wanaojipikia kwa jua, hilo halili wenzake, linavuta naitrojeni ya hewani. Ulaya ni hesabu nyengine, dayatomu, mwani wa seli moja, hujaa baridi ikiisha, wakishamaliza mbolea ndo kiangazi hawa wa njia mbili wanashika.

mama_Paje
Huyo Dinophysis ndo anaeharisha watu? Maana sisi kombe tunaokota kila bamvua.

mwanachuo_bahari
Ndo yeye bi mkubwa. Kombe anachuja maji, sumu inabaki kwenye nyama yake, na kuchemsha hakuitoi. Tena usingoje maji yabadilike rangi, seli mia kadhaa kwenye lita moja zinaweza kutosha. Mkila nyumba nzima ikaharisha, acheni kuokota hapo kwanza na daktari mwambieni mlikula kombe.

mama_Paje
Haya. Na mume wangu akisema ni pilipili nitamuonesha hii.

kijana_wa_Mkoani
Ammi kasema mwanachuo aje achote mwenyewe, chombo kipo, ila gilasi aje nayo.