Sun Dong-yol "kocha bure"? Nani alimwacha peke yake bungeni? Tueleweshane leo

Wakuu, salaam.

Nilishaapa kutofungua tena uzi wa besiboli humu. Kila nikifungua, wachangiaji wanakuwa watatu na mmoja wao ananiuliza nauli ya kwenda Seoul. Ila jana kuna jamaa kaandika orodha ya wachezaji wakubwa waliofeli ukocha. Kamweka Maradona, sawa. Kamweka Thierry Henry, sawa, Monaco tuliona. Namba tatu kamweka Sun Dong-yol wa Korea Kusini, na maelezo yake ni maneno manne: "mrushaji bora, kocha bure". Watu wakagonga like, wakapita.

Nimelala na hasira, nimeamka nayo. Naandika hii chai ikiwa inapoa.

Kwa wasiomjua, nitaenda haraka. Mzaliwa wa Gwangju, 1963. Alirusha mpira kwa Haitai Tigers kuanzia 1985 hadi 1995. Kwenye besiboli ubora wa mrushaji unapimwa kwa wastani wa pointi anazoruhusu kwa kila ingi 9, yaani mechi nzima. Ukiwa chini ya 3 wewe ni nyota, watu wanakupigia simu. Sun alimaliza miaka yake yote ya ligi ya Korea akiwa na 1.20. Siyo msimu mmoja. Miaka 11! Misimu mitatu alishuka chini ya 1 kabisa: 0.99 mwaka 1986, 0.89 mwaka 1987, 0.78 mwaka 1993. Alishinda mechi 146, akapoteza 40, na nyingine 132 aliingia mwishoni kulinda ushindi na akaulinda. Ubingwa mara 6. Tuzo ya mchezaji bora wa ligi mara 3. Namba yake 18 ilistaafishwa, hakuna anayeivaa pale tena.

Halafu kuna ile siku ya tarehe 16 Mei 1987, uwanja wa Sajik, Busan. Upande huu Sun, upande ule Choi Dong-won wa Lotte Giants, marehemu sasa. Walikuwa wameshakutana mara mbili mwaka uliotangulia, kila mmoja kashinda moja. Siku hiyo mechi ikaenda ingi 15, karibu saa 5 nzima, ikaisha 2 kwa 2. Hakuna aliyekubali kutolewa. Choi alirusha mipira 209, Sun 232. Siku hizi mrushaji akifika 100 kocha anaanza kuangalia saa.

Nilipokuwa nasoma huko Gwangju niliwahi kujaribu. Mpira wa tenisi, ukuta wa nyuma ya bweni, Jumamosi asubuhi. Nikasema ngoja nione 232 ni kitu gani. Nilifika 70 na kitu nikaanza kurusha kama ninayefukuza kuku. Nikaacha. Kesho yake mkono haukupanda hata kuchana nywele, kijiko nilishika kwa kushoto. Na mimi sikuwa na mpigaji mbele yangu, wala watu wa Busan wananizomea.

Haya, tuje kwenye "kocha bure".

Mwaka 2005 alipewa Samsung Lions. Naomba muelewe maana yake. Samsung ni timu ya Daegu, mkoa wa Gyeongsang, walikotoka majenerali waliotawala nchi. Gwangju ni Jeolla, mahali ambapo Mei 1980 jeshi liliua raia mitaani, Sun akiwa kijana wa miaka 17 mjini humo humo. Miaka ya themanini uwanja wa Tigers ulikuwa sehemu mojawapo ambayo watu wa Jeolla waliweza kuimba jina la Kim Dae-jung, mwanasiasa wao wa upinzani, kwa sauti bila kuvunjwa mbavu. Sasa chukua jembe la Yanga, mtoto wa Jangwani, mpe Simba aifundishe, uzidishe mara kumi na uweke na makaburi katikati. Ndiyo Sun kwenda Daegu.

Kafanya nini? Msimu wa kwanza bingwa, kawapiga Doosan mechi 4-0 kwenye mfululizo wa fainali. Msimu wa pili bingwa tena, dhidi ya Hanwha. Misimu miwili ya kwanza ya maisha yake kama kocha mkuu, mataji mawili. Kamchukua kijana mgeni kwenye ligi, Oh Seung-hwan, kamkabidhi kazi ya kufunga mechi, yaani kuingia mwishoni kulinda ushindi, na 2006 kijana kalinda ushindi mara 47 kwa msimu mmoja. Mwaka 2010 Sun kafika fainali tena, kafungwa 4-0 na SK. Desemba hiyo hiyo kaondolewa akiwa na miaka 4 mbele kwenye mkataba. Aliyempokea, Ryu Joong-il, kachukua ubingwa miaka 4 mfululizo, akiwa na Oh Seung-hwan yule yule akifunga mechi kwa mitatu ya kwanza. Sisemi Ryu hakufanya kazi. Nasema shamba lilikuwa limeshalimwa.

KIA sasa. Hapa sitamtetea na mnisikie vizuri. Alirudi nyumbani 2012, timu yake ile ile ya Gwangju baada ya kubadilisha mmiliki. Akashika nafasi ya 5, kisha ya 8, kisha ya 8, ligi ikiwa na timu 9 miaka hiyo miwili ya mwisho. Mwaka 2013 alimaliza chini ya NC Dinos, timu iliyokuwa inacheza ligi kuu kwa mara ya kwanza katika maisha yake! Aliyekuwa chini yake peke yake ni Hanwha, na kocha wa Hanwha alikuwa Kim Eung-yong, bosi wake wa zamani aliyempa mataji yote yale Haitai. Mwalimu na mwanafunzi, mkiani pamoja, miaka miwili. Ukiipenda Tigers ya zamani hiyo picha inaumiza.

Oktoba 2014 klabu ikamwongezea miaka miwili. Mashabiki wakachafukwa. Kawaandikia barua akiomba nafasi ya mwisho, haikusaidia, na wiki haikuisha akawa amejiuzulu. Kosa lake lipo. Ila jiulize ni uongozi gani unaomwongezea mkataba kocha aliyeshika nafasi ya 8 mara mbili bila kumwambia mtu sababu, halafu unakaa pembeni kuangalia watu wa mji wake wakimla mzima mzima. Likumbukeni hili la uongozi kukaa pembeni, linarudi.

Sasa ndipo hasira yangu inapoanzia hasa.

Julai 2017 wakampa timu ya taifa. Kocha wa kwanza wa kudumu, kwa sababu makocha wa klabu walikuwa wanaikimbia ile kazi kama ukoma: ukishinda ni wajibu, ukishindwa unachomwa. Mkataba hadi Olimpiki ya Tokyo. Juni 2018 akatangaza wachezaji 24 wa Michezo ya Asia ya Jakarta. Ndani yake Oh Ji-hwan wa LG na Park Hae-min wa Samsung, wote wa mwaka 1990, wote walishaacha nafasi yao ya mwisho ya kutumikia jeshi kupitia timu za jeshi au polisi. Korea kila mwanaume anakwenda jeshini. Dhahabu ya Asia, au medali yoyote ya Olimpiki, inakutoa kwenye kambi, unabaki na mafunzo ya wiki chache na kazi za kujitolea. Kwa hiyo wananchi wakaona hawa wawili wanabebwa. Watu wakawa wanaombea timu yao ya taifa iishie medali ya fedha! Umewahi kuona wapi? Mtu ana bendera mkononi anaomba mshindwe fainali.

Tarehe 26 Agosti wakafungwa 2-1 na Taiwan, moto ukamwagiwa petroli. Tarehe 1 Septemba wakaifunga Japan 3-0 fainali. Dhahabu.

Siku hiyo hiyo, nchi hiyo hiyo ya Indonesia, Son Heung-min na wenzake nao waliifunga Japan 2-1 fainali ya mpira wa miguu. Wakasamehewa jeshi kwa sheria ile ile. Kule nako kulikuwa na kelele kabla ya mashindano, kwamba kocha kamwita Hwang Ui-jo kwa kujuana. Hwang akafunga mabao 9, kelele zikafa. Son akabebwa juu juu, dunia nzima ikashangilia, mpaka huku kwetu watu wakaweka status. Sun akapelekwa bungeni.

Nyie mnaona mambo hayo?

Ilikuwa tarehe 10 Oktoba 2018. Nilikuwa nakula kwenye kimgahawa cha mzee mmoja karibu na chuo, anauza supu yenye wali ndani, meza nne tu. Ukutani ana jezi ya Haitai, nyekundu juu, suruali nyeusi, imeshakuwa rangi ya matofali kwa moshi wa jiko. Taarifa ya habari ikamwonyesha Sun amekaa peke yake kwenye kiti cha shahidi, suti ya giza, mikono juu ya magoti kama mwanafunzi aliyeitwa ofisi ya mwalimu mkuu. Kocha wa timu ya taifa hajawahi kuitwa pale kabla yake. Mbunge anamuuliza analipwa kiasi gani. Won milioni 200 kwa mwaka. Anamuuliza anafika kazini saa ngapi. Anajibu kwamba anaangalia mechi tano za ligi nyumbani kwenye televisheni. Anaambiwa dhahabu ile yenyewe haikuwa ngumu hivyo. Anatakiwa aombe radhi au aachie ngazi.

Yule mzee alikuwa ameshika upawa. Supu ikachemka, ikapanda, ikamwagika jikoni ikizima moto, na bado ameshika upawa. Sikujua nimwambie au ninyamaze. Mwisho akafuta jiko, akaja na rimoti, akaweka tamthilia. Hakusema neno. Nilipolipa akanirudishia chenji iliyozidi, nikamrudishia, akaniangalia kama hanijui.

Jamani, ligi ya Korea ina timu 10. Usiku wa kawaida mechi ni tano, na zinaanza muda mmoja, saa 12 na nusu jioni. Seoul, Busan, Daegu, Gwangju, Daejeon. Sasa kocha wa timu ya taifa aende wapi? Ajigawe? Akikaa Busan hajaona nne. Akikaa nyumbani na skrini tano ameona zote. Hilo swali hata mtoto wa darasa la nne angelijibu, lakini halikuulizwa ili lijibiwe.

Na bado hilo la mbunge nalimeza. Mbunge ni mbunge, kamera zipo. Lisilomezeka ni la tarehe 23 Oktoba, zamu ya kamishna wa ligi, Chung Un-chan, mchumi, aliyewahi kuwa waziri mkuu. Huyu ndiye mwajiri. Huyu ndiye ilitegemewa aseme "kocha ni wetu, mfumo ni wetu, lawama tuletee sisi". Badala yake kasema kwa maoni yake binafsi kocha wa kudumu hahitajiki. Na kuhusu kuangalia mechi kwenye televisheni, kalinganisha na mchumi anayechambua takwimu bila kwenda kuona hali yenyewe. Mwajiri wako, bungeni, anakuruka kimanga mchana kweupe!

Tarehe 14 Novemba Sun akaita waandishi, akasoma maneno yake machache, akaondoka. Hajawa kocha mkuu wa timu tangu hapo.

Aliyefuata alipata nini? Tokyo, timu sita, Korea ya nne, bila medali. Sijamsikia mtu akiulizwa bungeni kama ile ilikuwa ngumu au rahisi.

Sasa kabla hamjaniita chawa wa Sun: alikosea. Alijua zile nafasi mbili zina harufu. Ungewachagua, sawa, toka siku ile ile na vitabu vyako, onyesha namba, sema kwa nini huyu na si yule. Yeye alinyamaza, akaja kuongea na waandishi tarehe 4 Oktoba, zaidi ya mwezi tangu dhahabu. Mwezi mzima wa ukimya mbele ya wazazi ambao watoto wao wako kambini mpakani. Alikuwa na kiburi cha mrushaji, anadhani mpira ukishafika kwa mdakaji hakuna la kueleza. Hilo nitamlaumu nalo siku zote.

Ila "kocha bure"? Mataji mawili, fainali moja, dhahabu moja. Nitajieni makocha bure wenu wenye hivyo vitu.

-----
NYONGEZA: Mkuu uliyeuliza "hao wawili wa jeshi wako wapi sasa", swali zuri, na ndilo linalonichoma zaidi. Mwaka 2023 LG walichukua ubingwa baada ya kuusubiri miaka 29. Wote wawili walikuwa uwanjani, Park alikuwa ameshahamia huko. Mchezaji bora wa fainali? Oh Ji-hwan. Uwanja mzima unaimba jina lake.

Na wewe unayeuliza besiboli inatuhusu nini, uzi wa Manchester City uko pale juu, pita kushoto.