Mrejesho: sukari ya baba na dawa za homa ya ini C

Asanteni nyote mlionijibu. Niliuliza kama sukari ya baba, ambaye mwili wake hauitikii vizuri insulini (homoni inayoshusha sukari kwenye damu), ingezuia dawa za homa ya ini C zisifanye kazi.

Daktari wake hapa Tanga alisema hofu hiyo ilikuwa na msingi enzi za sindano za intaferoni na vidonge vya ribavirini: watu wa hali ya baba walipona wachache zaidi. Vidonge vya sasa vya sofosbuviri na velpatasviri hukishambulia kirusi moja kwa moja, na sukari haiwi kikwazo kikubwa. Baba alimeza wiki 12. Kipimo cha wiki 12 baada ya kumaliza hakikuona kirusi. Alhamdulillahi!

Ila kuna jambo naomba mlishike. Kirusi chenyewe huchangia mwili kuikataa insulini, kwa hiyo kikiondoka sukari inaweza kushuka. Baba alianza kutetemeka na kutokwa jasho jingi kabla ya chakula cha mchana, kumbe dozi yake ya zamani ya dawa ya sukari sasa ilikuwa kubwa mno. Daktari ameipunguza. Mwenye mgonjwa kama huyu ampime sukari mara kwa mara tangu anapoanza vidonge, na dozi aibadilishe daktari.