Naomba ushauri: insha za Kiingereza kidato cha pili

Wadau, habari za leo. Nafundisha Kiingereza kidato cha pili hapa Moshi, naomba mawazo ya walimu wenzangu.

Aya moja ya sentensi 5 hadi 7 wanaiweza: sentensi kuu, maelezo, mfano, basi. Kazi ipo kwenye insha ya aya nne. Mada ni kilimo cha kahawa; aya ya pili inaanza na kuchuma, katikati inaingia bei ya mnadani, mara tumerudi kitaluni kwenye miche. Nikiwaandalisha vidokezo kwanza, wanavinakili kama vilivyo, bila viunganishi.

Halafu kuna "My father he goes". Kile kiambishi "a" cha "baba anakwenda" kinahamia kwenye Kiingereza na kuwa "he". Kukataza tu hakusaidii, mpaka waone kinakotoka.

Sasa kwa darasa la watu 60: mnasahihisha makosa yote, au mnachagua aina mbili kwa kila insha? Wino mwekundu ukijaa ukurasa, mtoto anatazama alama na kufunga daftari. Na kusahihishana wawili wawili, mnafanyaje wasiharibu hata sentensi iliyokuwa sawa?